Chai Mbele ya Lango la Mpagazi

Zawadi na Baraka, ninyi mnaoshika funguo za kibanda changu cha gemu sasa, naandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa. Kila anayepita nyumbani, hata aliyekuja kunijulia hali ya mguu, akishakaa tu analeta swali lile lile: Mama Gemu, eti gemu za zamani zilikuwa ngumu kuliko za sasa? Na eti ndizo zilikuwa tamu? Wa umri wangu wanataka niseme ndiyo. Vijana wanataka niseme hapana. Hakuna anayetaka jibu, wote wanatafuta shahidi. Basi nitaeleza mara hii moja, tangu siku ya kwanza, na mtu akileta tena swali hilo mpeni karatasi hizi asome, mimi aniache na mahindi yangu.

Nilipata nini na nilipanua kibanda lini, hayo sitayagusa. Hayatawasaidia siku padi ya kuchezea ikigoma kubonyezeka na wateja wameanza kupiga miluzi.

Mimi ni binti wa kwanza katika watoto wanne. Tulizaliwa Ndalambo. Baba alitangulia, mama akafuata kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa. Nilikuwa darasa la sita. Ndugu wa baba walikaa kikao wakataka kutugawa, mmoja huku mmoja kule, kama vyombo vya jikoni. Nilikataa. Niliacha shule, nikawachukua wadogo zangu watatu tukaja Tunduma kwa shangazi, na baada ya muda nikawa nauza chai na maandazi kwa madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Niliapa jambo moja tu, na nililiapa mbele ya wadogo zangu ili wanishike nalo: katika nyumba yetu aliyeacha shule atakuwa mimi peke yangu.

Nyakati hizo bidhaa zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi. Televisheni, redio, saa za ukutani zenye ndege ndani, kila kitu kilipita mpakani, na kilichopita kikiwa kibovu kiliishia kwa Fundi Halinga. Huyu alikuwa fundi redio, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa meza yangu ya chai. Siku moja alipata mashine ya gemu na kaseti zake, akaitengeneza, akaiunganisha na televisheni, watoto wakajaa mlangoni hadi akashindwa kuona alichokuwa akikilehemu. Alikuwa mtu mpole kwa redio tu. Kwa watoto hakuwa na subira hata ya kupiga chafya. Akaniita.

"Wewe umelea watatu," akasema. "Hawa thelathini watakushinda nini?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, kwenye kibanda cha gemu kilichoegemezwa karakana yake. Sikuchaguliwa kwa kipaji.

Siku ya kwanza nilishika padi juu chini. Kwenye kioo kulikuwa na mtu mdogo mwenye mzigo mgongoni, ambaye baadaye sote tulimwita Mpagazi, kwa kuwa kaseti ilikuwa imeandikwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wengine walisema Kijapani, wengine Kichina. Nikabonyeza, Mpagazi akatembea hatua mbili akatumbukia shimoni. Nikashtuka, nikadhani nimeharibu mali ya watu.

"Fundi, mtu wako amekufa."

"Hajafa. Ana roho tatu."

Nakumbuka nilikasirika kweli. Watu wangu walikuwa na moja moja.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Fundi Halinga, na mengi mnayofanya sasa bila kufikiri yalitoka kwake. Kaseti isipoonekana msiipulize kama mnavyopuliza moto, mate yanaila. Pamba, spiriti, futa meno yake, acha ikauke. Kitufe cha padi kikilegea usikibonyeze kwa hasira. Fungua, utakuta kile kimpira cha chini kimechakaa. Kata kipande kidogo cha ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kigundishe pale, funga. Nimefufua padi nyingi kwa takataka za madereva. Na stabilaiza ikianza kunguruma zima kila kitu, hata kama mteja ni jamaa ya mwenyekiti wa mtaa.

Fundi hakuwahi kunisifu. Nilipolehemu waya wangu wa kwanza alitazama kwa muda, akasema, "Angalau umeshika upande wenye mpini."

Sheria za kibanda ndizo zilizokuwa zangu, na kwa sheria hizo nilijulikana hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ya kwanza: ukifa, unashuka kwenye benchi la mbele unampisha mwingine. Ya pili: ukizubaa, unashuka. Hii ya pili niliitunga kwa sababu kulikuwa na watoto wajanja waliokuwa wakisimamisha Mpagazi mahali salama, wakakaa tu, ili wapate kuketi kivulini. Benchi la nyuma ndilo lililokuwa mahakama. Mchezaji akituliza vidole kidogo tu lilianza: "Anazubaa! Anazubaa! Ashuke!" Na kweli alishuka, padi ikanyakuliwa kabla hajajitetea.

Sasa nije kwenye ugumu. Gemu la Mpagazi lilikuwa na hatua nane. Saba tulizijua kama njia ya kwenda bombani. Ya nane ilikuwa na lango kubwa la chuma na walinzi wawili wenye mikuki. Ukiua mmoja, anatoka mwingine. Ukiruka, unachomwa hewani. Ukirudi nyuma, wanakufuata. Juu ya lango kulikuwa na maandishi mekundu yaliyokuwa yakiwaka na kuzima, tukadhani ni mapambo. Mashine ile haikutunza chochote, ukiizima unaanza hatua ya kwanza. Kwa hiyo kijana alitumia asubuhi nzima kufika pale, walinzi wakammaliza, au umeme ukamaliza wote pamoja. Miaka ikapita, hakuna aliyevuka. Fundi Halinga alichunguza kaseti kwa kioo cha kukuzia, akatoa hukumu kwamba imekatwa pale, haina mbele. Nami nikaamini.

Na walivyopenda! Nataka mlielewe hili kabla hamjaniita mzee wa kusifu ya kale. Walilipenda wakilitukana. Walitoka wamekunja nyuso, wakaapa hawarudi, wakarudi.

Mdogo wetu wa mwisho, Lwitiko, ndiye aliyekuwa stadi kuliko wote. Alikuwa kidato cha pili. Likizo moja alikaa kwenye benchi langu tangu nafungua hadi nafunga, na likizo ilipokaribia kwisha nilianza kumkumbusha habari ya sare. Akawa hajibu. Kisha siku moja, kibanda kimejaa, akanijibu bila kugeuka kunitazama.

"Dada, mimi siendi tena shule. Nitafanya kazi hapa na wewe."

"Kazi gani?"

"Hii. Wewe hukumaliza shule, mbona tunakula?"

Benchi la nyuma likasema "Uuuh!" kama kwenye mpira. Mimi damu ilinipanda. Miaka yote ile nimesimama juu ya mguu huu huu unaoniuma leo ili mtoto huyu asome, naye ananionyesha mimi kama ushahidi kwamba kusoma si lazima.

"Kazi hii unaijua wewe?" nikamwambia. "Mpagazi mwenyewe hujamvusha lango."

"Nikimvusha je?"

"Ukimvusha, usiende shule."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa. Lakini shule ikifunguliwa hujamvusha, unarudi darasani na padi hii huigusi tena."

"Mashahidi mmesikia?" akauliza.

"Ameeen!" benchi likaitika.

Usiku sikulala vizuri, lakini si kwa hofu. Nilikuwa na hakika. Lango halikuwa na mbele, fundi amesema. Nilichokuwa nikijilaumia ni kuona nimemwekea dau mtoto wa watu, ingawa mtoto mwenyewe ni wetu.

Siku zikaenda. Lwitiko akawa anafika hatua ya nane mara mbili kwa siku, na mara mbili anachomwa mkuki. Macho yakawa mekundu. Wenzake wakaanza kumpa ushauri wa kijinga, mwingine akamwambia aoshe mikono kwa maji ya chumvi.

Asubuhi moja ikatokea kwamba lori la soda limepinduka njia ya kwenda Mpemba, na mtaa mzima ukakimbilia huko, Lwitiko akiwa wa kwanza. Kibanda kikabaki kitupu. Akaingia dereva mmoja Mzambia aliyekuwa mteja wangu wa chai, tukimwita Ba Chanda, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Lori lake lilikuwa kwenye foleni tangu wiki iliyopita, na karatasi zake za forodha bado hazijatoka.

"Mulishani, ba mayo," akanisalimu kwa Kibemba, kama alivyozoea. Ba mayo ni mama, kwa heshima. "Nipe yule kijana wa mzigo."

Alicheza polepole, bila papara, akapoteza roho mbili njiani, na ya mwisho akafika nayo langoni. Walinzi wakatoka. Mchezaji mwingine yeyote hapo angewarukia. Ba Chanda akaweka padi juu ya mapaja.

"Ukizubaa unashuka," nikasema. Ilinitoka yenyewe kwa mazoea.

Akageuka akatazama benchi la nyuma, halina mtu.

"Nashuka nampisha nani, ba mayo?"

"Lakini watakuchoma."

"Awe," akasema, hapana. "Mimi nikiona lango nakunywa chai. Lete na andazi."

Nikaenda kumimina. Niliporudi walinzi walikuwa wamesimama mikuki chini. Ba Chanda akanywa, akatafuna. Mlinzi mmoja akakaa. Baadaye kidogo wa pili akakaa. Andazi lilipobaki kipande, walinzi wakainuka, wakatugeuzia mgongo, na lango lile la miaka yote likapanda juu taratibu, bila hata kelele.

"Naona wamegonga muhuri," Ba Chanda akasema.

Hakupata hata kuingia. Utingo wake alikuja anakimbia, "Ba Chanda, foleni imesogea!" na yule mtu mnene akaondoka kwa kasi ambayo sikumdhania, akaacha nusu kikombe. Nikabaki mimi, Mpagazi, na lango wazi. Kabla sijaamua kitu umeme ukakatika.

Nilikaa kwenye kiti cha mbele nikatazama kioo cheusi. Ndipo nilipoelewa, na nilivyoelewa nilikasirika zaidi. Lile lango halikuwa gumu. Lilitaka usubiri muda wa kikombe cha chai bila kugusa kitu. Hakuna aliyewahi kusubiri pale kwa sababu kibanda changu kilikuwa na sheria kwamba anayesubiri ashuke. Ugumu ule tuliousifia miaka yote, nusu yake walitengeneza wenye gemu, nusu yake nilitengeneza mimi na benchi.

Nikamwendea Fundi Halinga nikamweleza. Alifuta miwani kwanza.

"Kwa hiyo haikukatwa," akasema. Ilimuuma hiyo kuliko habari ya Lwitiko. Kisha akasema, "Umeahidi akimvusha hasomi. Hukuahidi kumfundisha kumvusha. Nyamaza, siku ziishe, mtoto arudi shule."

Ilikuwa kweli. Nilijaribu kuliona kosa katika maneno yale nisilione. Lakini nilijiuliza nitamrudisha shule mtoto wa namna gani. Atakaa darasani akijua ameshindwa, na siku moja atakuja kujua, maana Ba Chanda atarudi na mdomo wake, kwamba dada yake alijua njia akamtazama akichomwa mkuki kila siku. Nilikuwa nimeapa asome. Sikuwa nimeapa asome kwa kufungwa kamba.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa kibanda kilijaa mpaka dirishani. Lwitiko alifika langoni na roho ya mwisho. Nikamimina chai, nikapenya katikati ya watu, nikamwekea kikombe pembeni.

"Weka padi chini unywe chai."

"Dada, toka!"

"Weka chini."

"Unanifanyia makusudi! Unataka nife!"

Benchi likawaka. "Mama Gemu anaharibu!" "Anazubaa huyo! Ashuke!" Kijana mmoja akanyoosha mkono kunyakua padi. Nikasimama mbele ya benchi nikatandaza khanga yangu kama nazuia kuku.

"Leo hashuki mtu," nikasema. "Atakayegusa padi hiyo nitamlehemu vidole."

Lwitiko alinitazama. Machozi yalikuwa yamejaa. Alikuwa na haki zote za kutoniamini, nami mbele ya watu wale nikarudia tu, "Kunywa chai, mdogo wangu." Sijui alifikiri nini. Aliweka padi kwenye benchi, akachukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa huku akilia kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Benchi lilinyamaza mlinzi wa kwanza alipokaa. Wa pili alipokaa, mtu nyuma akasema "Mungu wangu." Lango lilipopanda, kelele zilizopigwa ziliwafanya watu wa forodha watoke nje kutazama. Lwitiko alinimwagia chai yote iliyobaki. Akashika padi, Mpagazi akaingia ndani.

Kioo kikawa cheusi. Ukapigwa wimbo mfupi. Kisha kikaja kijani, na mawingu mawili, na ndege mmoja, na lile shimo la kwanza. Mpagazi yule yule na mzigo ule ule, hatua ya kwanza. Tofauti ilikuwa moja: kila kitu kilikwenda mbio zaidi.

Lwitiko akatumbukia shimo la kwanza.

"Dada," akasema, "kumbe ni kule kule."

"Sasa ulitaka ukute nini? Mbinguni?" nikamjibu. Nilikuwa nimelowa chai, na nilikuwa nimeshindwa dau.

Na dau ni dau. Jumatatu shule ilifunguliwa na mimi sikumwamsha. Sare ilibaki msumarini. Wale wadogo zangu wawili walinitazama kama nimerukwa na akili, lakini ahadi niliitoa mbele ya watu, na kama ningeivunja, kile kiapo changu kingine nacho kingekuwa maneno tu. Nikaenda kufungua kibanda, Lwitiko akanifuata, nikampa pamba na spiriti. Wiki ile alisafisha kaseti, alibandua ubani wa kutafuna uliokaukia chini ya benchi, aliamua ugomvi wa nani alikufa na nani alisukumwa. Aliwaona watu wakija, wakivuka lango kwa chai, wakirudi shimo la kwanza, wakivuka tena. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda nyuma ya karakana ya fundi kuvuta pumzi.

Jumatatu iliyofuata niliamka nikasikia harufu ya mkaa. Lwitiko alikuwa akipiga pasi sare yake.

"Unakwenda wapi?" nikauliza, kana kwamba sioni.

"Dada, huku ukimaliza unaanza upya."

"Na huko?"

"Huko kuna kidato cha tatu."

Nikamwambia akimbie, amechelewa.

Gemu la Mpagazi lilipata umaarufu kwa mwezi mmoja hivi. Niliuza chai kuliko wakati wowote. Baada ya hapo likafa, kwa kuwa kila mtu alijua la kufanya langoni. Wazee wenzangu mnaosomewa haya kwa sauti, lisikieni hilo. Mnachokisifia kama ugumu wa zamani kilikuwa vitu vinne vimechanganyika: gemu lenyewe, lugha tusiyoisoma, umeme, na benchi letu. Ukiondoa vitatu vya mwisho, kilichobaki kilikuwa cha kawaida.

Zikaja mashine za CD. Fundi Halinga alikuwa ameshafariki, nikajifunza peke yangu kusafisha ile lenzi ya ndani, na kusimamisha mashine kwa ubavu ikikataa kusoma. Zikaja na memori kadi ya kutunza, wenyewe wanasema kuseva, mahali ulipofika, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma kwa namna mpya. Mteja anaseva mlangoni, anaseva dirishani, anaseva kabla ya kupiga chafya. Gemu linamwonyesha mshale wa njano: pita hapa. Linamwuliza anataka rahisi, kati au ngumu. Anachagua rahisi, anamaliza, anasimama kifua mbele: "Oyaa, mimi noma!" Ukimwuliza ilikuwaje anasema alikuwa anaruka maelezo, hajui habari yenyewe ilihusu nini. Na akifungwa kwenye gemu la mpira anarusha padi sakafuni. Padi niliyoifufua kwa karatasi ya sigara ilikaa miaka. Hizi za sasa hazistahimili hata kurushwa na Baraka, ambaye nilimwona, na anajua nilimwona.

Lakini sitawapa wazee ushindi wao. Lile gemu la mpira, watu wawili benchi moja, bado linanitoa jasho kulitazama. Mashine ni rahisi, jirani yako si rahisi. Nimeona madereva wawili ambao hata lugha hawaelewani wakishikana mabega kwa bao la dakika ya mwisho. Utamu ule ni ule ule niliouona kwa Mpagazi, haukuhama na kaseti. Tofauti niliyoiona kwa macho yangu ni hii: zamani mtu alifika mahali akiwa na kitu anachoweza kukipoteza, asubuhi yake nzima. Sasa akipoteza anarudi nyuma hatua moja. Wengine wanafurahi zaidi hivyo, nami siwakatazi. Wengine wanaboreka katikati ya ushindi na hawajui kwa nini. Hilo ndilo jibu langu, na si ndiyo wala hapana, pole kwao.

Zawadi, nawe nakukumbusha siku ulipoikuta ile mashine ya kwanza juu ya kabati. Uliiwasha, ukafika langoni, ukatoa simu. "Mama, mbona imeandikwa mtandaoni. Hayo maandishi mekundu ni 'subiri'." Ukaweka padi chini ukiendelea na simu yako, lango likafunguka, ukalitupia jicho. "Gemu lenyewe rahisi tu, bi mkubwa. Ila linaboa." Nilitoka nje nisije nikakujibu. Miaka yote ile neno lilikuwa linawaka mbele yetu, wewe ukalipata kwa kidole kimoja, na halikuwa na maana yoyote kwako. Sikulaumu, hukuwa na cha kupoteza pale. Lakini usiseme tena mbele yangu kwamba lilikuwa rahisi.

Siku nilipowakabidhi funguo Lwitiko alikuja kutoka Msangano, anakofundisha. Mlimwona, mlimwamkia "shikamoo mwalimu" mkaendelea na mpira wenu. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye mfuko wa shati. Aliomba ile mashine ya zamani tukaiunganisha pembeni, nikafuta meno ya kaseti, ikaonekana tulipojaribu mara ya pili. Vidole vyake vimekuwa vizito. Mashimo mawili yalimla. Alifika langoni na roho ya mwisho, akaweka padi juu ya mapaja, akaninyooshea mkono bila kugeuka.

Nikampa chai. Nami nikajimiminia. Tulikaa. Mlinzi wa kwanza akakaa, wa pili akakaa. Lango likapanda, Mpagazi akabaki amesimama na mzigo wake mbele ya giza lile.

Lwitiko akamaliza chai yake, akainama, akazima mashine.

"Mwalimu!" Baraka akapiga kelele kutoka benchi la mpira, ameshika kichwa. "Mwalimu, hujaseva!"

Lwitiko akanirudishia kikombe, akasema anawahi gari la Msangano, kesho ana vipindi.